Kabla Hujalipia Injini: Namna ya Kuzitenganisha Injini za Toyota Zinazofanana

Kijana mmoja wa teksi aliwahi kuniletea injini nyuma ya pikapu ndogo, Kirikuu, imekalia tairi bovu na kufunikwa turubai. Gari lake lilikuwa IST, injini ya zamani ilikuwa imekufa kwa kukosa oili, na hii aliyoinunua aliambiwa ni 1NZ. Juu ilikuwa na kava ya plastiki imeandikwa VVT-i, safi kabisa, imepigwa na dawa ya kung'arisha. Nikaifunga. Vishikio vilikaa sawa, soketi za waya zikaingia zote, ikawaka kwa mara ya kwanza. Tukashikana mikono.

Baada ya mwezi alipata abiria wa kwenda Iringa. Mlima wa Kitonga ndio uliomwambia ukweli. Gari lililokuwa likipanda vizuri sasa lilikuwa linahema, malori yanamsogelea kwa nyuma. Aliporudi nikaingia chini na brashi ya waya, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla sijashika spana. Bloku, ule mwili wa injini wenye silinda, ilikuwa imegongwa 2NZ, ndugu mdogo wa 1NZ.

Muuzaji alimdanganya, lakini anayelipwa kujua injini nilikuwa mimi. Tangu siku hiyo nina utaratibu, na ndio ninaouandika hapa. Nimejikita kwenye Toyota kwa sababu ndizo zinazojaa kwenye magereji yetu, na kwa sababu Toyota ina tabia ya kutoa injini nne au tano za ukoo mmoja ambazo ukizipanga kwenye sakafu unaweza kudhani ni mapacha.

Jina lina sehemu mbili, na kila sehemu inasomwa mahali pake

Chukua jina 1NZ-FE. Kabla ya kistari kuna 1NZ: herufi NZ ni ukoo, na tarakimu 1 inaonyesha ni mtoto wa ngapi kwenye ukoo huo. Tarakimu kubwa haimaanishi injini kubwa. 1NZ ni ya lita 1.5, 2NZ ni ya 1.3. Baada ya kistari kuna herufi zinazoeleza hedi, yaani kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku, na namna injini inavyolishwa. F ni hedi yenye kemshafti (shafti za kufungua valvu) mbili zilizokaa karibu karibu, ya kubana mafuta. G ni hedi pana ya mwendo kasi. E ni nozeli zinazoongozwa na umeme. S ikiwa katikati, kama kwenye FSE, ni ile D4 ambayo petroli inapuliziwa ndani ya silinda moja kwa moja. T ni turbo. X, kama kwenye FXE, ni injini ya gari la haibridi. V mwishoni mwa FTV ni dizeli ya komoni reli.

Sasa sikiliza jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Namba iliyogongwa kwenye bloku kwa kawaida inabeba sehemu ya kwanza tu ya jina, ikifuatiwa na namba ya mfululizo. Itaandikwa 1AZ na tarakimu kadhaa. Haitakuambia kama ni FE au FSE. Itaandikwa 3S, haitakuambia kama ni FE, FSE au GE. Kwa hiyo kazi yako ina vipande viwili. Bloku unaisoma kwa namba, hedi unaisoma kwa macho. Ukifanya kimoja ukaacha kingine, umeacha mlango wazi.

Vifaa vya kubeba

Brashi ya waya, kitambaa, dizeli kidogo kwenye chupa ya maji, chaki nyeupe, sumaku ndogo, rula ya chuma, spana ya plagi, na simu yenye tochi na kamera. Ongeza vijiti viwili vitatu vya mishikaki. Nitakuambia kazi yake. Vyote vinaingia kwenye mfuko wa rambo.

Hatua ya kwanza: anza na gari, siyo injini

Kabla hujaenda dukani kutafuta injini, jua gari lako lilizaliwa na nini. Fungua boneti, tafuta kibati cha chuma kilichopigiliwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini, au ubavuni karibu na mlango kwa baadhi ya magari. Kwenye magari yaliyotoka Japani kibati hicho kina mstari wa injini wenye jina lote, kistari na herufi zake. Namba ya chesesi nayo inaongea: herufi zake za mwanzo zimebeba ukoo wa injini.

NCP60 ni IST ya lita 1.3, yaani 2NZ. NCP61 ni IST ya 1.5, yaani 1NZ. Probox ni hivyo hivyo: NCP50 ni 1.3 na NCP51 ni 1.5. Lakini usikariri kwamba sifuri ni ndogo na moja ni kubwa, maana Vitz itakuumbua: NCP10 ni 1.3, NCP13 ni 1.5, halafu NCP15 inarudi kuwa 1.3. Kwenye Premio na Allion za kuanzia 2001 ni rahisi zaidi: NZT240 ni 1NZ, ZZT240 ni 1ZZ ya lita 1.8, AZT240 ni 1AZ ya lita 2. Corolla za AE zina injini za ukoo wa A, NZE ni NZ, ZZE ni ZZ. Noah SR40 ni 3S, AZR60 ni 1AZ. Mark II ya GX110 ni 1G. JZX110 ni 1JZ.

Kwa dizeli: Prado KZJ95 ni 1KZ, KDJ95 ni 1KD. Hiace ya LH ni ukoo wa L, KZH ni 1KZ, KDH ni ukoo wa KD. Land Cruiser ya HZJ ni 1HZ, na ya HDJ ni 1HD.

Chesesi inakuambia gari lilivyotoka kiwandani. Haikuambii kilichomo leo. Gari la miaka 20 linaweza kuwa limeshabadilishwa injini mara mbili, ya kwanza kihalali na ya pili usiku. Ndiyo maana hatua inayofuata hairukwi hata kama unanunua gari zima na siyo injini tupu.

Hatua ya pili: isome bloku

Tafuta sehemu bapa iliyosawazishwa kwa mashine kwenye bloku, mara nyingi karibu na pale bloku inapokutana na giaboksi, au ubavuni chini kidogo ya mstari ambapo hedi imekalia. Kila ukoo una mahali pake, na ukishakiona kwenye injini moja ya ukoo huo umeshajua kwa nyingine zote. Injini ikiwa ndani ya gari, mara nyingi jicho halifiki. Ingiza simu kwa mkono, washa taa, piga picha kumi bila kuangalia, halafu zikague. Moja itatoka.

Sehemu hiyo itakuwa na mafuta yaliyoganda na vumbi. Usikwangue kwa bisibisi, utaacha mikwaruzo itakayokuletea maswali baadaye. Lowesha kwa dizeli, subiri dakika tano, piga brashi taratibu, kausha kwa kitambaa. Kisha paka chaki kwa ubapa wake na ufute juu juu kwa kidole. Chaki inabaki ndani ya mashimo ya herufi na namba inajitokeza nyeupe kama imeandikwa. Taa iweke kwa pembeni, siyo mbele. Mwanga wa mbele unafuta vivuli na ndani ya vivuli ndimo herufi zilimo.

Kuna makosa mawili watu hufanya hapa. La kwanza ni kusoma namba zilizovimba. Bloku ina maandishi yaliyotoka pamoja na chuma kilipomiminwa, yameinuka kama shilingi. Hayo ni ya kiwanda cha kumimina, siyo namba ya injini. Namba ya injini imezama, imegongwa.

La pili ni kutokagua ule ubapa wenyewe. Ubapa wa kiwandani una mistari myembamba ya mashine inayokwenda upande mmoja, na tarakimu zimekaa kwenye mstari kwa nafasi sawa. Ukikuta pamelainishwa kwa mashine ya kusagia, pana bonde, pana rangi ya fedha mpya wakati pembeni pote ni kijivu cha zamani, au tarakimu zinacheza, nyingine imezama sana nyingine kidogo, weka brashi mfukoni na uondoke. Usibishane bei. Injini ya namna hiyo hata kama ni nzima itakusumbua siku ya kuhamisha umiliki, siku polisi wakiikagua, na siku utakapotaka kuliuza gari.

Hatua ya tatu: isome hedi

Plastiki ya juu ivue kwanza. Kava ile inashikwa na nati mbili au vishikio vya kubana, inatoka ndani ya dakika moja, na inauzwa peke yake kwenye meza za spea. 1NZ na 2NZ zote zinavaa kava ya VVT-i. Muuzaji akikataa usiivue, basi umeshapata jibu.

Kwa injini za zamani za mkanda wa taimingi, kama ukoo wa A na S, angalia kava ya mkanda kwa mbele. Kwenye hedi ya F mkanda unazungusha kemshafti moja, na hiyo inaizungusha ya pili kwa gia iliyo ndani. Kwa hiyo juu kuna puli moja na kava ya mbele ni nyembamba. Hedi ya G ina puli mbili juu, moja kwa kila kemshafti, na kava yake ni pana kama mabega. Hiyo inatenganisha 4A-FE na 4A-GE, 3S-FE na 3S-GE, hata ukiwa umesimama hatua tatu mbali. Injini za cheni kama NZ, ZZ na AZ hazina kipimo hiki, maana cheni inazungusha kemshafti zote mbili.

Sumaku nayo ina kazi yake. Bloku za A, E, S, G na JZ ni chuma, sumaku inanasa. Bloku za NZ, ZZ na AZ ni aluminiamu, sumaku inaanguka. Hili linasaidia sana kwa Nadia, ambayo kwa nyakati tofauti ilipata D4 ya aina mbili, 3S-FSE na baadaye 1AZ-FSE. Zote ni za lita 2, zote zinaitwa D4 mtaani, na spea zake haziingiliani. Sumaku ikinasa na mbele kuna kava za plastiki za mkanda, hiyo ni 3S. Sumaku isiponasa na mbele kumefungwa kwa aluminiamu iliyopakwa siliko, ni 1AZ.

1NZ, 2NZ, na ile ya tatu inayojificha

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

1NZ na 2NZ zina silinda za upana ule ule, milimita 75. Tofauti iko kwenye krenki, ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni: pistoni ya 1NZ inasafiri milimita 84.7 kutoka chini hadi juu, ya 2NZ inasafiri 73.5. Ndiyo maana kwa nje hutazitenganisha. Kuna mafundi wanaoapa kwamba wanazijua kwa umbo la sampu (karai la oili la chini) au kwa rangi ya soketi. Vitu hivyo vinahamishika, na tena vinatofautiana kwa gari injini ilikotoka. Kwa IST tofauti ya nguvu ni farasi 87 kwa 109. Mjini kwenye foleni huwezi kuisikia. Kitonga utaisikia.

Namba ikisomeka, umemaliza. Isiposomeka kwa sababu halali, labda kutu imeila, kuna njia ya kijiti cha mshikaki. Nilifundishwa na mzee mmoja ambaye hakuwahi kumiliki kipimo chochote cha dijitali.

Toa koili na plagi zote nne ili krenki izunguke kwa wepesi. Weka soketi kwenye nati ya puli ya mbele. Ingiza kijiti kwenye tundu la plagi ya silinda ya kwanza mpaka kiguse pistoni, kishike kwa vidole viwili tu bila kukikandamiza, na mwenzako azungushe krenki polepole kwa upande wa saa. Kijiti kitashuka au kitapanda. Pistoni ikifika chini kabisa, weka alama ya kalamu pale kijiti kinapolingana na mdomo wa tundu. Endelea kuzungusha mpaka kikome kupanda, weka alama ya pili. Toa, pima kati ya alama mbili kwa rula. Ukipata karibu sentimita 8 na nusu, una 1NZ. Ukipata sentimita 7 na kitu, una 2NZ. Tofauti ni zaidi ya sentimita moja, unene wa kidole kidogo, kwa hiyo hata mkono ukitetemeka hutakosea.

Maonyo mawili. Kijiti kiwe kirefu na kizima, siyo kilichokwisha kuchoma nyama, maana kikivunjikia ndani utakuwa umeanzisha kazi nyingine. Na usitumie waya wa chuma, utachora pistoni.

Sasa ile ya tatu. Prius za mwanzo na Aqua zina injini inayogongwa 1NZ vile vile, lakini ni 1NZ-FXE. Kijiti kitakupa 84.7, namba itasema 1NZ, na bado siyo unayoitaka. Injini hii imetengenezwa kusaidiwa na mota ya umeme: valvu za kuingiza hewa zinachelewa kufunga, mgandamizo unaandikwa 13 kwa 1 wakati wa FE ni 10.5 kwa 1, na ikiachwa peke yake nguvu yake ni ndogo. Inaingia nchini ikiwa imetoka kwenye magari ambayo betri zake zimekufa, na bei yake inavutia.

Itambue kwa visivyokuwepo. Gari la haibridi halina altaneta wala stata kama tulivyozoea. Angalia ubavuni: mahali pa kufungia altaneta pako tupu, na hakuna alama ya kitu kuwahi kukaa pale. Angalia flaiwili: haina meno ya stata. Kwenye Prius ya 2003 hadi 2009 mkanda wa mbele unazungusha pampu ya maji tu. Kwenye Aqua hakuna mkanda kabisa, pampu ya maji ni ya umeme; puli ya krenki imekaa peke yake kama mjane. Muuzaji atakuambia altaneta imeuzwa. Mwulize na mashimo yake ya boliti yameuzwa kwa nani.

Vitz ndogo zisikuchanganye. Vitz ya lita 1 ya kizazi cha pili, KSP90, ina 1KR ya silinda tatu. Hesabu koili: tatu. Umemaliza.

D4 na isiyo D4

Namba hapa haisaidii, ni macho tu. Bloku itasema 1AZ, 3S au 1JZ. RAV4 za lita 2 za kizazi kilichoanza mwaka 2000 zilizouzwa Japani zilikuwa 1AZ-FSE, zilizouzwa masoko mengi ya nje zilikuwa 1AZ-FE. Mark II ya JZX110 isiyo na turbo ina 1JZ-FSE, ile ya turbo ina 1JZ-GTE, na zote mbili zinasomeka 1JZ.

Kwenye FE, nozeli zimekaa kwenye miguu ya manifodi ya hewa, zimepangwa mstari mmoja chini ya bomba la petroli, na unaziona vichwa na soketi zake bila kuhangaika. Petroli inafika kwa mpira au bomba la plastiki, kwa sababu presha yake ni baa 3 hivi.

Kwenye FSE, nozeli zimezama ndani ya hedi yenyewe, chini ya manifodi, na unaona shingo tu au huoni kitu. Lakini huwezi kukosa kuiona pampu ya presha: kipande cha chuma ukubwa wa ngumi kilichofungwa juu ya hedi, kinachosukumwa na kemshafti. Kutoka kwake linatoka bomba la chuma, siyo la mpira, lenye nati kila upande kama bomba la breki lililonenepa. Presha yake inaanzia baa 80 na kwenda juu. Mpira wa kawaida wa petroli hauwezi kuishi na presha hiyo, kwa hiyo bomba la chuma la petroli kwenye injini ya petroli ya Toyota ya miaka ile ni ushahidi wa kutosha.

Wauzaji wajanja wanaijua hofu ya watu kuhusu D4, basi wanaivua pampu kwanza. Pitisha kidole juu ya hedi. Ukikuta tundu limezibwa kwa kitambaa, kibati au siliko mpya, pembeni kuna mashimo mawili matatu ya boliti yasiyo na kazi, unajua kilichokuwa pale. Waya za plagi usizitumie kama ushahidi. 3S-FE zilibadilika mfumo wa plagi kadiri miaka ilivyokwenda, nyingine zina distributa na nyingine zina koili.

Kuhusu hofu yenyewe, naona imezidishwa. D4 ikipewa petroli safi na kusafishwa masizi inakwenda. Kinachoua ni kuchanganya: kununua FSE ukaifunga kwenye gari la FE. Waya hazifanani, kontroli boksi haifanani, na pampu ya tenki haifanani. Nimeona gari likikaa gereji miezi mitatu kwa ajili ya herufi moja.

4A, 5A, 7A, na ndugu zao wa L

7A ina mwendo wa pistoni wa milimita 85.5 dhidi ya 77 za 4A na 5A, kwa hiyo bloku yake ni ndefu zaidi kwenda juu. Ukiziweka pamoja sakafuni hedi hazilingani. Kijiti pia kinazitenganisha. Lakini 4A na 5A zina mwendo ule ule, tofauti ni upana wa silinda, 81 kwa 78.7. Kwa nje hakuna njia. Soma namba, au hedi ikiwa imetoka pima tundu.

Ukoo wa L kwenye Hiace na Hilux ni hivyo hivyo: silinda za 2L ni milimita 92, 3L ni 96, 5L ni 99.5. Njia ya kijiti hapa haifai, dizeli hizi zina chemba ndogo kwenye hedi na hakuna tundu lililonyooka kwenda kwenye pistoni. Namba, basi.

1KZ na 1KD

Zote ni lita 3, silinda nne, turbo, upana 96 na mwendo 103. Bloku zimegongwa tofauti, lakini hapa hata bila kuinama unaweza kujua. Kwenye 1KZ-TE, pampu inatoa mabomba manne membamba ya chuma, kila moja likienda kwenye nozeli yake, na nozeli ziko ubavuni mwa kava ya valvu bila waya wowote. Kwenye 1KD-FTV pampu inapeleka kwenye bomba moja nene lililolala, reli, na kutoka reli ndipo mabomba manne yanagawanyika. Nozeli zake zimesimama juu katikati na kila moja imevaa soketi ya umeme. Angalia na turbo: ya 1KD ina mota ndogo ya umeme pembeni inayoendesha mapezi ya ndani, ya 1KZ haina.

Tundu la hewa juu ya boneti usilitumie. Watu husema lenye tundu ni D-4D, yaani dizeli ya komoni reli kama 1KD. Surf za 1KZ nazo zilikuja na tundu hilo, na boneti inabadilishwa kwa boliti nne.

1HZ na 1HD

Kwenye Land Cruiser mkonga swali huwa ni turbo. 1HZ ilitoka kiwandani bila turbo. 1HD zote zina turbo. Mnunuzi anaona turbo, anaambiwa ni 1HD, analipa. Lakini 1HZ kufungiwa turbo ya dukani ni kazi ya kawaida duniani kote. Kwa hiyo turbo haithibitishi kitu. Namba ya bloku inathibitisha, na chesesi inakuambia kama unatakiwa kushangaa: HZJ yenye turbo ni ya kufungiwa, au injini imebadilishwa. Kwa macho, tazama upana wa kava ya valvu. 1HZ ina valvu 12 na kava nyembamba; 1HD-FT na 1HD-FTE zina valvu 24 na kava yake ni pana inayofunika karibu hedi yote. 1HD-T ya mwanzo ina valvu 12 kama 1HZ, na hiyo ndiyo inayokulazimisha kuinama na brashi.

Kabla pesa haijatoka mfukoni

Piga picha tatu: ubapa wa namba ukiwa na chaki, hedi kwa juu bila plastiki, na mbele kwenye puli. Namba andika kwenye karatasi kwa mkono wako, uisome kwa sauti mbele ya muuzaji, na uilinganishe na hati ya forodha au risiti aliyonayo. Risiti yako iandikwe jina zima, 1NZ-FE, siyo "injini ya IST", na namba ya injini iwe humo. Kama gari ni lako na unabadilisha injini, kadi ya gari ina nafasi ya namba ya injini na inatakiwa ifuate ile mpya. Kwa Kenya ni logbuku.

Yule kijana wa teksi tulimrudisha dukani na picha. Muuzaji alisema yeye aliuza "injini ya IST", na kwenye risiti ndivyo ilivyokuwa imeandikwa. IST ya 2NZ ipo. Hakuwa amedanganya karatasi. Nilimfungia nyingine bila kumdai ufundi, na ile ya kwanza bado iko kona ya gereji, imekalia tairi lile lile.